Theodore Maiman, mtu aliyewasha leza ya kwanza kwa jiwe ambalo wakubwa walilikataa

Kila mwaka, tarehe 16 mwezi wa tano, shirika la UNESCO linaadhimisha Siku ya kimataifa ya mwanga. Tarehe hiyo haikuokotwa ovyo. Siku hiyo, mwaka wa 1960, huko California nchini Marekani, mwanafizikia mmoja wa miaka 32 aliwasha kifaa kidogo kinachoweza kushikwa kwa mkono mmoja. Ndani yake ukatoka mwanga ambao hakuna mtu aliyewahi kuutengeneza. Mwanafizikia huyo aliitwa Theodore Maiman, na mwanga wake tunauita leza.

Leo leza inakata chuma, inatibu macho, inasoma bei dukani, na inabeba chini ya bahari sehemu kubwa ya habari tunazosoma kwenye simu. Lakini ukiuliza watu kumi ni nani aliyeitengeneza, huenda wote kumi watanyamaza. Hata Tuzo ya Nobel iliyotolewa kwa kazi hiyo haikumfikia. Maisha yake yanaonyesha jinsi kitu kikubwa kinavyoweza kutoka katika chumba kidogo, kwa feza kidogo, mikononi mwa mtu aliyekataa kuamini hesabu ambayo hakuipima mwenyewe.

Mtoto wa fundi

Theodore Harold Maiman alizaliwa tarehe 11 mwezi wa saba mwaka wa 1927 huko Los Angeles. Alikuwa bado mdogo wazazi wake walipohamia Denver, katika jimbo la Colorado. Baba yake, Abraham Maiman, alikuwa injinia wa umeme na mvumbuzi, na alikuwa na maabara yake nyumbani. Mtoto alikulia kati ya waya, ampule na vipande vya radio. Wengine walijifunza umeme kwenye vitabu. Yeye alianza kwa kushika.

Alipokuwa kijana alitengeneza vyombo vya umeme na radio zilizoharibika, na kazi hiyo ikamsaidia kulipa masomo. Alipofika miaka 17 aliajiriwa na kampuni moja ya radio kama injinia mdogo. Mwishoni mwa Vita vya Pili vya Ulimwengu alitumika katika jeshi la majini la Marekani, kisha akarudi shuleni. Mwaka wa 1949 alimaliza masomo ya fizikia ya uinjinia kwenye chuo kikuu cha Colorado. Kutoka hapo akaenda Stanford, akapata shahada ya pili katika umeme mwaka wa 1951, na udaktari wa fizikia mwaka wa 1955.

Mwalimu wake huko Stanford alikuwa Willis Lamb, ambaye mwaka huo huo wa 1955 alipata Tuzo ya Nobel. Lamb alimpa kazi ngumu: kupima tofauti ndogo sana za nguvu ndani ya atomu za heli, kwa kutumia mawimbi ya radio na mwanga pamoja. Kwa kazi hiyo Maiman alilazimika kutengeneza vyombo vyake mwenyewe. Alipotoka shuleni alikuwa na vitu viwili ambavyo si kawaida kuvikuta kwa mtu mmoja: elimu ya mwanafizikia na mikono ya fundi. Baadaye hivyo viwili ndivyo vilivyomwokoa.

Wazo la zamani

Ili kuelewa alichokifanya, turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1917, Albert Einstein alionyesha kwa hesabu jambo la ajabu juu ya mwanga. Atomu ikipokea nguvu, inapanda ngazi. Ikishuka, inatoa mwanga. Kwa kawaida kila atomu inashuka kwa wakati wake na kutupa mwanga upande wowote. Ndivyo ampule ya nyumbani inavyofanya: mwanga wake ni kama watu wa soko saa za jioni, kila mmoja anashika njia yake na mwendo wake.

Einstein aliona kwamba kuna namna nyingine. Mwanga wenye rangi inayofaa ukiikuta atomu iliyo juu ya ngazi, unaweza kuisukuma ishuke na kutoa mwanga unaofanana kabisa na ule uliopita: rangi moja, upande mmoja, hatua moja. Miali miwili inakuwa minne, minne inakuwa minane. Umati wa soko unageuka kuwa kikosi cha askari kinachotembea kwa mguu mmoja. Mwanga kama huo hautawanyiki haraka, na nguvu yake inaweza kukusanywa mahali padogo kuliko ncha ya sindano.

Kwa miaka mingi hesabu hiyo ilibaki kwenye karatasi. Mwaka wa 1954, Charles Townes na wanafunzi wake kwenye chuo kikuu cha Columbia, New York, waliitumia kwanza, lakini kwa mawimbi mafupi ya radio, si kwa mwanga. Kifaa chao kiliitwa meza. Huko Urusi ya Kisovieti, Nikolai Basov na Aleksandr Prokhorov walikuwa wakifuata njia hiyo hiyo. Mwaka wa 1958, Townes na shemeji yake Arthur Schawlow walichapisha maelezo ya jinsi jambo hilo lingeweza kufanyika kwa mwanga wenyewe. Toka siku hiyo, mashindano yakaanza.

Mashindano ya wenye feza

Walioingia mashindanoni walikuwa wakubwa. Maabara ya kampuni ya simu ya Bell, iliyokuwa na wataalamu wengi na feza nyingi, ilijiona iko mbele. Kampuni nyingine, iliyoitwa TRG, ilipewa na jeshi la Marekani karibu dolari milioni moja. Huko alifanya kazi Gordon Gould, mwanafunzi wa zamani wa Columbia. Mwaka wa 1957 Gould alikuwa ameandika mawazo yake kwenye daftari, pamoja na jina la leza, akalipeleka kwa notere lipigwe muhuri. Lakini kwa sababu zamani alihusiana na wakomunisti, serikali ilimnyima ruhusa ya kuingia katika siri za mradi uliotoka kichwani mwake mwenyewe.

Maiman alikuwa mahali pengine. Mwaka wa 1956 aliingia katika maabara ya kampuni ya ndege ya Hughes, California. Kazi yake ya kwanza kubwa huko ilikuwa kutengenezea jeshi meza inayotumia rubi. Mashine za aina hiyo zilikuwa na sumaku kubwa na mitambo ya baridi kali, na uzito wake ulipita tani mbili. Maiman alibadilisha umbo lake lote. Alipomaliza, meza yake ilikuwa na uzito wa karibu kilo mbili tu.

Kazi hiyo ilimfundisha tabia za rubi kuliko wengi wa wakati wake. Katikati ya mwaka wa 1959 aliwaomba wakubwa wake wamruhusu kujaribu leza. Hawakufurahia sana, maana kampuni ilitaka vitu vya kuuzia jeshi, na leza haikuwa na kazi iliyojulikana. Mwishowe walikubali, na kazi yote ikagharimu karibu dolari 50,000. Ukilinganisha na milioni moja ya TRG, ilikuwa kama mtu wa baiskeli kushindana na lori.

Jiwe lililokataliwa

Washindani wengi walichagua gesi au mvuke wa metali, kwa sababu hesabu zake ni rahisi kwenye karatasi. Maiman alitaka kitu kigumu, kidogo, kisichohitaji pampu wala baridi kali. Macho yake yakabaki kwenye rubi ya waridi, si ile inayochimbwa ardhini, bali ile inayotengenezwa kiwandani kwa oksidi ya alumini iliyochanganywa na kromiamu kidogo. Atomu za kromiamu zinakunywa mwanga wa kijani na wa buluu, kisha zinatoa mwanga mwekundu.

Lakini jiwe hilo lilikuwa na jina baya. Mtafiti mmoja alikuwa amepima na kutangaza kwamba, kwa kila sehemu 100 za mwanga ambazo rubi inakunywa, inarudisha sehemu moja tu kama mwanga mwekundu. Kama hiyo ni kweli, leza ya rubi haiwezekani. Kwenye mkutano wa wanasayansi mwaka wa 1959, Schawlow mwenyewe, mmoja wa waliochora njia ya leza, alieleza kwamba rubi ya waridi haifai. Baada ya hapo, wengi waliliacha jiwe hilo.

Maiman hakupinga kwa maneno. Alijiuliza tu swali la fundi: zile sehemu 99 zinapotelea wapi? Akijua zinapopotelea, huenda angeweza kuchagua jiwe lingine lisilo na kasoro hiyo. Akatengeneza vyombo, akapima polepole, hatua kwa hatua. Kila mahali alipotafuta upotevu, hakuukuta. Alipokusanya hesabu zote, aliona kwamba rubi inarudisha karibu sehemu 75 kwa 100, na vipimo vya baadaye vilipanda zaidi. Jiwe halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika kipimo cha kwanza.

Hapo ndipo leza ilipozaliwa kweli. Wengine walikuwa na pesa na majina, lakini waliipokea ile namba moja kama ilivyoletwa. Maiman alirudia kuipima.

Ampule ya mpiga picha

Kulibaki tatizo moja. Ili rubi itoe mwanga wa leza, zaidi ya nusu ya atomu zake zinazohusika lazima ziwe juu ya ngazi kwa wakati mmoja. Hiyo inadai taa kali kupita kiasi. Maiman alipiga hesabu ya taa zinazowaka bila kuzimika, akaona kwamba hata ile kali kuliko zote ingefaulu kwa shida.

Kisha akafikiria jambo ambalo washindani wake hawakulifuata: kwa nini taa iwake muda wote? Akitaka tu kuonyesha kwamba jambo linawezekana, mwako mmoja mfupi unatosha. Mwenzake katika maabara, Charles Asawa, alimwambia habari za taa za flashi za wapiga picha. Maiman alipekua vitabu vya bei vya viwanda, akakuta taa za General Electric zilizokunjwa kama springi. Aliona kwamba hata ile ndogo ingemtosha.

Kifaa chenyewe kilikuwa rahisi mpaka kinashangaza. Kipande cha rubi chenye urefu wa karibu sentimita mbili na upana wa sentimita moja kilipakwa fedha kwenye ncha zake, ili mwanga urudi mbele na nyuma kama kati ya vioo viwili. Upande mmoja kuliachwa tundu dogo la kutokea. Rubi hiyo ilisimamishwa katikati ya springi ya taa, na vyote viwili vikafunikwa na silinda ya alumini iliyosuguliwa ndani ili mwanga usipotee.

Mchana wa tarehe 16 mwezi wa tano mwaka wa 1960, Maiman na msaidizi wake, Irnee D'Haenens, walianza kupiga flashi. Kila mara waliongeza nguvu ya umeme kidogo na kutazama mstari kwenye chombo cha kupimia. Mwanzoni mstari ulipanda pole pole, kama mwanga wa kawaida wa rubi. Waliongeza tena, na tena. Kisha, kwa pigo moja, mstari uliruka juu sana kuliko mara zote zilizotangulia, na mwanga ukazimika haraka kuliko desturi yake. Atomu za kromiamu zilikuwa zimeacha kushuka moja moja. Zilikuwa zimeshuka pamoja.

Leza ya kwanza ulimwenguni ilikuwa imewaka. Mtu wa baiskeli alikuwa amelitangulia lori.

Makala iliyorudishwa

Mtu angefikiri kwamba ulimwengu ungempokea kwa shangwe. Haikuwa hivyo. Maiman aliandika matokeo yake na kuyatuma kwa Physical Review Letters, jarida kubwa la wanafizikia la Marekani. Jarida liliirudisha makala. Mhariri alikuwa amechoshwa na makala nyingi juu ya meza, akadhani hii nayo ni moja tu zaidi. Maiman akaandika maelezo mengine mafupi sana, ya maneno karibu 300, akayapeleka London. Jarida la Nature liliyachapisha tarehe 6 mwezi wa nane mwaka wa 1960. Huenda hakuna makala fupi kama hiyo katika karne nzima iliyozaa mambo mengi kama yale.

Karibu mwezi mmoja mbele ya hapo, tarehe 7 mwezi wa saba, kampuni ya Hughes iliwaita waandishi wa habari New York. Maiman alieleza kazi ambazo leza ingeweza kufanya: kubeba mawasiliano, kukata na kuchomea vitu, kusaidia madaktari. Lakini waandishi walitaka kujua habari za silaha. Kesho yake magazeti yakaandika kwa herufi kubwa juu ya mionzi ya kifo, kama kwenye hadithi za sinema. Jambo hilo lilimsumbua Maiman kwa miaka mingi.

Siku zile kulitokea pia kichekesho kimoja. Mpiga picha wa kampuni aliona kifaa halisi ni kidogo mno, hakipendezi kwenye picha. Akampa Maiman taa na rubi kubwa zaidi ashike. Picha hiyo ilizunguka ulimwengu mzima, na maabara nyingine zikaiga kifaa kikubwa cha picha wakifikiri ndicho kilichowaka. Hata hivyo walifaulu. Katika majuma machache Bell na TRG nao walikuwa na leza za rubi. Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka huo huo, Ali Javan na wenzake huko Bell waliwasha leza ya gesi ya heli na neoni, iliyoweza kuwaka bila kukatika.

Nobel iliyompita

Mwaka wa 1961 Maiman aliondoka Hughes. Mwaka uliofuata alianzisha kampuni yake, Korad, kwa msaada wa kampuni kubwa ya Union Carbide, na ikajulikana kwa leza za rubi zenye nguvu. Union Carbide ilipoichukua Korad yote mwaka wa 1968, yeye alifungua ofisi ya ushauri. Baadaye alifanya kazi katika kampuni ya TRW mpaka mwaka wa 1983. Hati ya uvumbuzi wa leza ya rubi ilitolewa mwaka wa 1967, lakini mwenye mali alikuwa Hughes, kama ilivyo kawaida kwa mfanyakazi anayevumbua kitu kwenye maabara ya mwajiri wake.

Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1964 ilikwenda kwa Townes, Basov na Prokhorov, kwa misingi ya meza na leza. Jina la Maiman lilipendekezwa mara mbili, na mara zote mbili halikuchaguliwa. Wako wanaosema ilikuwa haki, kwa kuwa bila wazo hakuna kifaa. Wako wanaosema haikuwa haki, kwa kuwa wenye wazo walikuwa na muda, watu na feza, wala hawakukiwasha kifaa. Mabishano hayo hayajaisha hata leo. Mwenye kuchora nyumba na mwenye kuijenga wote wana haki ya kusema nyumba ni yao.

Gould naye alipigana karibu miaka 20 mahakamani na kwenye ofisi za serikali kabla hati yake ya kwanza kubwa haijatolewa mwaka wa 1977. Lile daftari lenye muhuri wa notere lilikuwa shahidi wake, na mwishowe lilimpa utajiri.

Maiman hakuachwa mikono mitupu. Alipewa Tuzo ya Wolf mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Tuzo ya Japani mwaka wa 1987. Mwaka wa 1984 jina lake liliingizwa kati ya wavumbuzi wakubwa wa Marekani. Mwaka wa 2000 alitoa kitabu akisimulia mashindano yale kwa upande wake. Wasomaji wake wanaweza kuona kwamba kidonda cha kusahauliwa kilikuwa hakijapona.

Dawa iliyokuta magonjwa yake

Siku za mwanzo, katika maabara kulikuwa na utani kwamba leza ni dawa inayotafuta ugonjwa. Haikuchukua muda ugonjwa kupatikana. Mwezi wa kumi na mbili wa 1961, miezi 19 tu baada ya mwako wa kwanza, madaktari wa hospitali moja ya New York walitumia leza ya rubi kuchoma uvimbe ndani ya jicho la mgonjwa. Mwanga ulipita kwenye mboni bila kuikata, ukafanya kazi yake nyuma ya jicho. Tangu hapo leza imekuwa chombo cha kila siku cha madaktari wa macho. Kwa wagonjwa wa kisukari, inazuia mishipa mibovu ya jicho isimwage damu na kuleta upofu.

Mwaka wa 1969, wanaanga wa Apollo 11 waliacha mwezini kibao cha vioo vidogo. Tarehe 1 mwezi wa nane, wataalamu wa California walirusha miali ya leza ya rubi, wakapokea mwangwi wake kutoka umbali wa kilomita karibu 384,000. Kwa njia hiyo tunajua leo kwamba mwezi unajitenga na dunia karibu sentimita 3.8 kila mwaka.

Mwaka wa 1974, katika duka moja la Ohio, leza ilisoma kwa mara ya kwanza mistari myeusi ya bei kwenye paketi ya chingamu. Mwaka wa 1982 zikaja diski za muziki, ambazo leza ndogo inazisoma bila kuzigusa. Viwandani, leza inakata bati na chuma kwa mstari safi. Wapima ardhi wanaitumia kupata umbali, na ndege zenye leza zinapima urefu wa miti ya misitu bila mtu kukanyaga chini.

Lakini kazi inayotugusa wengi ni ya mawasiliano. Mtu akituma picha kutoka Bukavu kwenda kwa ndugu yake Bruxelles, simu inaifikisha kwanza kwenye antena kwa mawimbi ya radio. Kutoka hapo, sehemu kubwa ya safari inafanyika ndani ya nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Leza ndogo kuliko punje ya mchele inawaka na kufifia mabilioni ya mara kwa sekunde moja, na kila mwako ni kipande cha picha ile. Waya wa bahari wa WACS, unaounganisha Afrika Kusini na Ulaya, ulifika Muanda, kwenye pwani ya Kongo, na ukaanza kutumika nchini mwaka wa 2013. Ndani yake habari zinapita kwa mwanga wa leza.

Na utafiti haujasimama. Mwaka wa 2015, mashine za Marekani zenye mikono ya kilomita nne zilitumia leza kusikia mtikisiko mdogo uliotoka kwenye mashimo meusi mawili yaliyogongana mbali sana angani. Tarehe 5 mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2022, huko Livermore, California, leza 192 zilipiga punje moja ya hidrojeni kwa wakati mmoja. Punje ikatoa nguvu ya megajuli 3.15, wakati leza ziliifikishia megajuli 2.05. Umeme uliotumika kuziwasha leza zenyewe ulikuwa mwingi zaidi ya hapo, kwa hiyo kituo cha umeme wa aina hiyo bado kiko mbali. Lakini mlango umefunguliwa.

Mkono unaoshika mwanga

Je, hofu ya magazeti ya 1960 ilikuwa ya bure? Si yote. Majeshi yanatumia leza kuelekeza mabomu. Ziliwahi kutengenezwa pia silaha za kupofusha macho ya askari, mpaka mwaka 1995 mataifa yalipokubaliana mkataba wa kuzipiga marufuku. Hata vile vitochi vidogo vya mwanga mwekundu au wa kijani vinavyouzwa sokoni kama vitu vya kuchezea, vingine vina nguvu kupita kiasi, na vinaweza kuchoma jicho la mtoto kabla hajasikia maumivu. Mzazi asikubali mtoto avielekeze usoni mwa mtu. Mwanga ule ule unaotibu jicho unaweza kulipofusha. Tofauti ni mkono unaoushika.

Mwaka wa 1999 Maiman alihamia Vancouver, Canada, pamoja na mke wake Kathleen. Huko alishirikiana na chuo kikuu cha Simon Fraser katika mafunzo ya wainjinia wa vifaa vya hospitali. Alifariki katika mji huo tarehe 5 mwezi wa tano mwaka wa 2007, akiwa na miaka 79, kwa ugonjwa usio wa kawaida uitwao mastositosi. Zilibaki siku 11 tu kufika ile tarehe aliyoifanya kuwa kubwa.

Kifaa chake cha kwanza hakikutupwa. Tarehe 15 mwezi wa tano mwaka wa 2010, ilipokaribia kutimia miaka 50, watu walikusanyika Vancouver kukiona. Ile ile taa ya springi, ile ile rubi ndogo, vikaunganishwa tena na umeme. Wakabonyeza, na kwa kufumba na kufumbua mwanga mwekundu ukapiga ukutani. Mwenyewe hakuwapo tena, lakini jiwe lililosemwa halifai lilikuwa bado linafanya kazi.